Mashine Haikai Eda

Leo nataka tuzungumzie riwaya ambayo bado haijaandikwa. Najua ni jambo la ajabu kidogo, maana mhakiki husubiri kitabu kitoke ndipo akikalie kitako. Lakini hii naiona inakuja, na wasiwasi wangu ni kwamba ikifika itakuwa imeandikwa kwingine, kwa ajili ya watu wengine, sisi tukaletewa tafsiri.

Ni riwaya ya mapenzi. Mwanamke amefiwa na mumewe, au anadhani amefiwa. Usiku mmoja simu inalia, na sauti inayotoka ni ya marehemu: kikohozi chake, kicheko chake, hata ile namna ya kulivuta jina la mkewe kama anayelionja. Mwanamke huyu si mjinga. Amesikia kwamba siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Anajua, na bado anajibu. Hapo ndipo kizungumkuti kinapoanza. Nani anatuma? Anataka nini? Na je, upo uwezekano, hata kama ni mdogo kama tundu la sindano, kwamba ni yeye mwenyewe?

Hadithi za namna hii zimeanza kuzoeleka Ulaya na Marekani. Mapenzi, fumbo, msiba na mashine, vyote katika chungu kimoja. Mimi nadai kwamba mahali pake hasa ni huku mwisho wa reli, Kigoma na Ujiji, na nitajitahidi kuwaonyesha kwa nini.

Kwanza niseme kwamba mambo haya si ya kubuni tu. Mwishoni mwa mwaka 2015 mwanamke mmoja mwenye asili ya Urusi, Eugenia Kuyda, alifiwa na rafiki yake wa karibu aliyegongwa na gari mjini Moscow. Kuyda alikuwa na kampuni ya programu za kuzungumza na watu. Akakusanya maelfu ya jumbe alizokuwa ameandikiana naye, akaomba na nyingine kwa marafiki, akailisha mashine, na mashine ikaanza kumjibu kwa mtindo wa marehemu. Baadaye kampuni yake ikatoa programu iitwayo Replika, ambayo mtu yeyote anaweza kujitengenezea humo rafiki au mpenzi. Huko Korea Kusini, mwaka 2020, televisheni ya MBC ilionyesha mama aliyevalishwa miwani ya kompyuta akakutana na binti yake aliyekwisha fariki, katika bustani ambayo haipo popote. Alinyoosha mikono kumshika. Mikono ilishika hewa.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi, kama neno kupenda linafaa hapa, ni cha Kanada. Kijana mmoja alifiwa na mchumba wake mwaka 2012. Miaka minane baadaye, bado hajapoa, akaingia kwenye huduma iitwayo Project December, akalipa dola chache, akaandika maelezo ya marehemu na vipande vya jumbe zake za zamani, wakaongea usiku kucha. Gazeti la San Francisco Chronicle lilikieleza kisa hicho kwa urefu mwaka 2021. Kilichonivutia si maongezi yao. Ni kwamba mtengenezaji wa huduma ile, Jason Rohrer, alikuwa amekiwekea kila kiumbe chake uhai wa kiasi, kama betri. Unaongea, betri inapungua, mwishowe kiumbe kinakufa na hakirudi. Yule kijana, betri ilipokuwa inakaribia kwisha, akaacha kuongea ili asimwone akifa tena.

Kaa na picha hiyo, msikilizaji.

Sasa twende Ujiji. Simulizi maarufu kuliko zote kuhusu mji huu ni ya mtu aliyetangazwa amekufa kumbe yu hai. Mwishoni mwa mwaka 1866 wapagazi kutoka Nzwani, waliokuwa wamemtoroka David Livingstone, walifika Unguja na habari kwamba Mzungu wao ameuawa huko bara. Habari ikavuka bahari. Huko kwao wakaanza kuomboleza, ingawa wengine walitia shaka, na mwaka 1867 ukatumwa msafara uliothibitisha kwamba ni uongo. Na hata baada ya hapo, kwa miaka, hakuna aliyekuwa na hakika. Barua zake zilipotea njiani. Mpaka Henry Morton Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 akamkuta mzee wa watu kapauka, mgonjwa, ameishiwa, lakini anapumua.

Ile salamu ya Stanley chini ya mwembe kila mtoto wa shule anaijua, siirudii. Nataka tu mjue kwamba kurasa za shajara ya Stanley za siku hiyo zimechanwa. Hazipo. Na Livingstone mwenyewe, katika maandishi yake, haitaji salamu hiyo. Inawezekana ilitamkwa, inawezekana Stanley aliitunga baadaye akiwa na kalamu na muda. Dunia nzima inayarudia maneno ambayo shahidi wake mmoja alikaa kimya na mwingine akapoteza karatasi. Kuwatilia watu maneno mdomoni hakukuanza na kompyuta.

Nikisema Kigoma, siwezi kumruka Ben Mtobwa. Huyu alizaliwa huku, akawa mwandishi wa habari na mchapishaji, akafariki mwaka 2008. Waliokuwa vijana miaka ya themanini na tisini wanamkumbuka kwa Joram Kiango, mpelelezi mtanashati, mpenda maisha, aliyekuwa akifukuzana na maadui wa Afrika huku pembeni yake yupo Nuru, mrembo ambaye si pambo tu la hadithi. Vitabu vile tulivisoma vikiwa havina jalada, kurasa za mwanzo zimeng'oka, kwa sababu vilipita mikono ishirini kabla ya kutufikia. Walimu walituambia ni vitabu vya kihuni. Pengine. Lakini yatazameni majina yake: Salamu Toka Kuzimu. Tutarudi na Roho Zetu? Yule bwana alikuwa akiandika habari za majasusi na mauaji, ila majina yake yanakaa barabara juu ya jalada la riwaya ninayoizungumzia leo. Na alichotufundisha Mtobwa, ambacho wakubwa wa fasihi hawakumpongezea, ni kwamba mapenzi na upelelezi ni ndugu. Mpenzi na mpelelezi wote wanasoma alama. Kwa nini amechelewa, kwa nini simu ameigeuza kifudifudi, harufu hii ni ya nani.

Kabla ya Mtobwa alikuwepo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na huyu ndiye babu wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960. Mtu amekutwa amekufa, hana kichwa, mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu kuwa pana mzimu. Hofu imetanda. Nani atathubutu kuuhoji mzimu? Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake, mpole, mcheshi, na jambo analokataa katakata ni kwamba wafu wameua. Palipo na maiti isiyo na kichwa pana mtu mwenye panga, na mwenye panga ana sababu. Hamdharau anayeamini mzimu. Anachofanya ni kuuliza swali tofauti na la wenzake. Wao wanauliza mzimu umekasirikia nini. Yeye anauliza nani anafaidika watu wakiamini ni mzimu.

Hilo ndilo swali ambalo riwaya nyingi za kigeni kuhusu akili mnemba zinalisahau. Zinazunguka kwenye falsafa: je, mashine ina roho, je, inahisi, je, huyu ni yeye? Maswali mazuri ya kuzungumzia baada ya chakula cha jioni. Bwana Msa angeyaacha yapite, akajaza tumbaku kwenye kiko, kisha akauliza: huu mzimu unalipiwa na nani, na panga liko kwa nani?

Na jibu, ndugu zangu, sehemu yake liko hapa hapa Afrika Mashariki. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni iitwayo Sama, ambao kazi yao ilikuwa kusoma maandishi machafu na ya kutisha, ubakaji, mauaji, mateso ya watoto, wakiyawekea alama ili mashine ya OpenAI, hiyo ChatGPT, ijifunze kutoyatapika. Walipata chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi walisema kazi ile iliwaachia majeraha moyoni. Kwa hiyo ule upole wa mashine, ile sauti ya kubembeleza inayomwambia mfiwa wa siku hizi kwamba yote yatakuwa sawa, umefagiliwa njia na kijana wa Nairobi aliyekuwa halali usiku. Mzimu una watumishi. Hadithi ya Kizungu haiwaoni. Ya Kiswahili haina udhuru.

Nao mzimu unataka ada. Stanley aliandika kwamba wapiga makasia wa Ziwa Tanganyika, wakikaribia Kabogo ambako maji yalikuwa yakinguruma, walitupa shanga na nguo majini kumridhisha mungu wa mahali pale ili wapite salama. Tunacheka. Halafu tunatoa kadi ya benki kila mwezi ili programu isitunyamazie. Februari 2023, baada ya mamlaka ya faragha ya Italia kuibana Replika, kampuni ilibadilisha tabia za wapenzi wale wa kompyuta kwa usiku mmoja, na watumiaji wengi wakalia kwa maandishi kwamba mpenzi wao amekuwa mtu mwingine, amepoa, hawatambui. Watu wazima, wenye akili timamu, wamefiwa na kitu ambacho hakikuwahi kuzaliwa. Kabogo angalau hakuwahi kubadilisha masharti.

Haya, turudi kwenye riwaya yetu, maana nimeahidi fumbo. Nitawachorea kama ningekuwa naiandika mimi.

Mume ni mvuvi wa dagaa, mwenye boti yake na injini yake, anatokea Kibirizi. Usiku wa giza, mwezi haupo, ndio msimu wa kazi; taa zinawashwa majini, dagaa wanapanda kufuata mwanga. Upepo wa kusi unaamka. Asubuhi boti inakutwa karibu na Mwamgongo, taa imezimika, mtu hayupo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, la pili duniani kwa kina, na kutoka ufukweni huku Kigoma halina adabu ya kushuka taratibu, linaangukia chini. Watu wanatafuta siku kadhaa. Hawapati mwili. Hakuna wa kuosha, hakuna wa kuswalia akiwa mbele yao, hakuna kaburi la kupalilia. Mke anakaa na kanga kichwani akisubiri kuambiwa yeye sasa ni nani. Mjane? Mke?

Hapa ndipo ninapotaka mwandishi asikimbie. Mwanamke wa Ujiji aliyefiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ina masharti yake, wapo wanaoyaona mazito, sitaingia humo. Ninachosema ni kwamba eda ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Huko milimani, Kasulu na Heru, ambako makanisa ni mengi, nako wana siku ya kuanua matanga: jamaa wanakusanyika, mali zinatajwa, madeni yanasemwa, watu wanakula, mkeka unakunjwa. Huzuni haiishi siku hiyo, hakuna anayedai hivyo. Lakini jamii imempa mfiwa ruhusa ya kusimama. Mume aliyepotea bila mwili kuonekana anaiharibu kalenda hiyo yote. Masheikh wana maelezo yanayotofautiana kuhusu mke wa aliyepotea asubiri muda gani. Na serikali nayo ina hesabu yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kumsikia kama angekuwa hai, huchukuliwa kwamba amefariki, mpaka utolewe ushahidi wa kinyume.

Hajasikika. Lisikilizeni sharti hilo kwa masikio ya mwaka huu tulio nao.

Mwaka wa tano unakaribia kutimia. Mke ameanza kukubali. Kuna mwanaume mwingine, mwalimu tuseme, mpole, anayekuja kununua samaki wa migebuka wakati nyumbani kwake hakuna anayekula migebuka. Mwanamke ameanza kujipaka wanja. Ndipo ujumbe wa sauti unapoingia kwenye simu, saa nane ya usiku, namba ya Kongo. Ni sauti ya mumewe. Anasema yuko Kalemie, asimtafute, atarudi, asubiri.

Sasa mna fumbo la pembe tatu ambalo Marekani hawawezi kulitunga, kwa sababu hawana ziwa hili. Pengine mume amekufa na sauti ni ya mashine. Pengine mume yu hai kweli, ng'ambo, na ana mke wa pili na watoto wawili Kalemie, wangapi mnawajua? Jioni anga likitakata milima ya Kongo inaonekana kutoka Ujiji, na ziwa hili limezoea kuficha na kufichua watu. Mwaka 1996 vita vya Zaire viliwaleta huku maelfu kwa maboti, familia zikagawanyika majini, na watu walikaa kambini Nyarugusu wakisubiri karatasi za Msalaba Mwekundu zenye mistari michache kutoka kwa waliodhani wamekufa. Mwaka 2015 meli ya Liemba ilikuwa ikiwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Mtu kuibuka baada ya miaka mitano si muujiza kwetu. Na pembe ya tatu: pengine sauti ni ya mashine lakini mume naye yu hai, na hajui kwamba anazungumzwa.

Bwana Msa angeuliza lile swali lake. Nani anafaidika mtu huyu akiendelea kusikika? Katika riwaya za kawaida mwuaji anaficha kifo. Hapa kuna mtu anayeghushi uhai. Naye, samahani kwa kuwafunulia, ningemfanya shemeji, mdogo wake mume, anayeitumia boti na injini tangu siku ile na asiyetaka mirathi ifunguliwe. Kuigiza sauti hakumpi kazi kubwa. Januari 2023 Microsoft walieleza programu yao iitwayo VALL-E, inayoweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sampuli ya sekunde 3. Sekunde tatu! Na kwenye simu za familia kuna jumbe za sauti za miaka: leta chumvi, mwambie mama nimefika, nakupenda lakini usimwonyeshe mtu.

Alama ya kwanza ya kumfichua ningeitafuta kwenye lafudhi. Mashine hizi zimelelewa zaidi na Kiingereza, na Kiswahili zinachokijua ni kile cha taarifa ya habari, kilichonyooshwa kwa pasi. Mvuvi wa Kibirizi haongei hivyo. Ana Kiha chini ya ulimi, ana Kiswahili cha Kongo cha sokoni, ana matusi ya kiungwana ya majini. Mke angesikia sentensi iliyonyooka mno na moyo ungemdunda. Mwandishi mzuri angefanya hivi: siku ya kwanza mke anaisikia kasoro, na anaamua hajaisikia. Hapo ndipo mapenzi yanapoingia katika upelelezi. Shahidi mkuu ndiye anayeficha ushahidi, na anajificha mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo fasihi yetu inalijua. Mfu anayerudi katika hadithi za Kiswahili harudi kubembeleza. Said Ahmed Mohamed aliandika Babu Alipofufuka, iliyotoka mwaka 2001, na humo babu anamrudia mjukuu wake, mtu mkubwa serikalini, si kumpapasa kichwa bali kumkokota akaone uozo alioushiriki. Wafu wetu wana maoni. Wanalalamika kwamba kaburi halijapaliliwa, kwamba jina lao hajapewa mtoto, kwamba shamba limeuzwa kwa bei ya kutupa. Wafu wa kompyuta wanakubali kila kitu. Wanasema pole, wanasema nakukosa, wanasema umefanya vizuri. Mimi ningemfanya mke atambue hivyo siku anapoiambia sauti, kwa makusudi, kwamba ameiuza ile injini ya boti, na sauti inajibu kwa upole kwamba anamwelewa. Mvuvi gani anaelewa mkewe akiuza injini?

Sasa, mtu anaweza kuniuliza: wewe mtu wa redio unapata wapi ujasiri wa kusema haya? Redio si ndiyo mashine ya kwanza kutuletea wafu sebuleni? Kweli kabisa. Baada ya Mwalimu Nyerere kufariki mwaka 1999, redio ya taifa ilikuwa na Wosia wa Baba, na mpaka leo sauti ile ikitoka watu hunyamaza baani. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979 na Jumapili mchana bado anaimba. Lakini Mwalimu wa kwenye kanda anasema alichokisema. Huwezi kumuuliza bei ya petroli akakujibu. Ana mipaka, na mipaka hiyo ni heshima yake. Anayemfanya Mwalimu aseme leo jambo ambalo hakulisema, awe mwanasiasa au kompyuta, amemfukua.

Na bado sitaki kufunga mlango wote. Ipo njia ya mtu kurudi ambayo sina ugomvi nayo, na mfano wake uko hapa hapa Kigoma. Liemba, zamani Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha kupitia reli ya kati, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waliiandaa kwa kufufuka. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Sasa, mzee anayekaa mwenyewe na simu ya mjukuu, akarekodi nasaha zake, ukoo wake, nani anamdai na nani alimkosea, huyo amejipaka grisi kwa mkono wake. Mtu aliyepotea ziwani usiku bila kumwambia yeyote neno hakujipaka. Tukimwinua na kumsemesha tumeiba. Na tunaiba kwa mtu asiyeweza kwenda polisi.

Kuhusu mwalimu anayenunua migebuka asiyoila, rafiki yangu mmoja niliyemsimulia mpango huu alisema nimfute, anapunguza uzito wa msiba. Nimekataa. Bila yeye hii ni makala yenye wahusika. Mwanamke lazima awe na kitu cha kupoteza akiendelea kusikiliza, na kitu hicho kiwe na miguu, kivae kandambili, kikohoe kikohozi chake mwenyewe. Tena ningemfanya mwalimu ndiye anayejua kompyuta. Yeye ndiye anaweza kuthibitisha kwamba sauti ni bandia, na kwa kuwa anampenda mwanamke huyu, ndiye mtu ambaye hawezi kuaminika akithibitisha. Mtobwa angelifurahia hilo.

Waandishi wetu wana mahali pa kupeleka kazi. Tangu mwaka 2023 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na riwaya imo. Nawaombea wasituletee tena kijana maskini aliyekwenda mjini.

Kilichobaki ni mwisho, na hapo bado nabishana na huyo rafiki. Yeye anataka mwanamke apande boti avuke mpaka Kalemie, akamtafute sokoni mtu kwa mtu. Ni mwisho mzuri wa sinema. Mimi ningempeleka mahakama ya mwanzo, shauri la mirathi, asubuhi ya kawaida, feni haifanyi kazi, karani anatafuta jalada. Shemeji amekaa benchi la mbele amevaa suti. Mwalimu yuko nje, chini ya mti. Na hakimu, bila kujua ameuliza nini, anauliza swali ambalo sheria inamtaka aulize: mara ya mwisho ulimsikia mume wako lini? Akijibu miaka mitano iliyopita, amemzika, amepata boti, na amesema kwa kiapo kwamba ile sauti si yeye. Akijibu jana usiku, shemeji ameshinda, na mwanamke anarudi nyumbani na simu yake. Mimi ninalo jibu ambalo ningempa. Rafiki yangu anasema ningekosea, na mke wangu, nilipomuuliza, alisema kwanza tumwache mwanamke mwenyewe anywe maji.